Nani Alilipa Mganga? Habari za Matunzo ya Wagonjwa kwenye Base ya Kamina na Katika Katanga

Wasomaji wetu wengi wanajua jina la Base ya Kamina kwa sababu ya ndege na askari. Wabelgiji walianza kuijenga mwaka 1949, siku zile mataifa ya Ulaya yalipoogopa vita nyingine, wakatengeneza huko viwanja vya ndege, shule ya marubani na shule ya askari wa miavuli. Mengi yamekwisha kuandikwa juu ya mwezi wa Julai 1960, askari wa Ubelgiji walipoondoka pale kwa ndege kwenda Élisabethville na Luluabourg, na juu ya askari wa Umoja wa Mataifa waliokuja kukaa kisha wao. Leo sitasema habari za vita. Nataka kuuliza neno dogo ambalo wenye kuandika historia wanalipita upesi: mtu wa Kamina alipougua, nani alilipa mganga?

Neno hili si dogo kwa sisi tunaokaa katika misioni. Kila padri na kila katekista anajua karatasi ile inayoletwa mlangoni jioni, yenye hesabu ya hospitali chini, na mtu anayeishika kwa mikono miwili bila kusema kitu. Kabla ya kujiuliza tutampa nini, ni vema tujue karatasi ile ilitoka wapi. Maana babu yake hakuijua.

Tuchukue watu wanne wa Kamina mwaka 1955, wote wanne wakamatwe na homa ya mapafu siku moja. Wa kwanza ni askari wa Base. Wa pili ni fundi wa reli, mtu wa BCK, maana Kamina ilikwisha kuwa kituo kikubwa cha gari la moshi tangu njia ya Bukama hata Port-Francqui (ndiyo Ilebo ya leo) ilipomalizika mwaka 1928. Wa tatu ni mkulima Muluba wa nchi ya Kasongo Nyembo. Wa nne ni katekista wa kijiji.

Askari alitunzwa na Leta, kwa sababu Leta ilihitaji bunduki yake. Fundi wa reli alikwenda hospitali ya kompani yake, wala hakutoa franka hata moja. Mkulima alikwenda kwenye dispanseri ya Leta au ya misioni. Kwa jumla naye hakulipa, ila pengine alitembea siku mbili ili kufika. Na katekista? Katekista hakuwa mfanyakazi wa mtu katika macho ya sheria. Alipofika hospitali alihesabiwa pamoja na mkulima, ijapo alifanya kazi kila siku, tena aliacha shamba lake kwa ajili ya kazi ile. Nitamrudia katekista mwishoni. Kwanza tumtazame fundi wa reli, maana kwa njia yake tutafahamu mambo yote mengine.

Haki ya fundi ilitoka katika dekreti ya 16 Machi 1922 juu ya kontra ya kazi. Dekreti hiyo ilimlazimisha tajiri (ndivyo tulivyomwita mwenye kuandika watu kazi) ampe mtu wake nyumba, chakula, na matunzo ya mganga. Mtu asidhani kwamba huruma peke yake iliandika maneno yale. Miaka ya kwanza ya Union Minière, kompani iliyoanzishwa mwaka 1906, watu walikufa wengi katika kambi za shaba: homa ya mapafu, kuhara damu, tifoide, kiisha mafua makubwa ya mwaka 1918. Mtu aliyetolewa Lomami, Kasai au Ruanda alikuwa amekwisha kugharimu feza nyingi kabla hajashika nyundo. Kulikuwa na mwajiri aliyemtafuta, posho ya njiani, gari la moshi, blanketi. Akifa katika mwezi wa tatu, feza ile imepotea. Tena maboma ya Leta na misioni walianza kulalamika kwamba vijiji vinabaki na wazee na wanawake tu.

Basi tangu miaka ya 1927 na 1928 Union Minière ilibadili njia. Iliacha kuchukua watu kwa miezi sita na kuwarudisha. Iliwataka wakae pamoja na wake zao, wazae kambini. Mganga mmoja Mbelgiji, Léopold Mottoulle, ndiye aliyeongoza kazi ile kwa miaka mingi. Kompani ilijenga hospitali, nyumba za kuzalia, na mahali pa kupima watoto wachanga kila juma. Masista waliitwa kufanya kazi humo. Vifo vikapungua sana, na watoto wakazaliwa wengi. BCK na kompani nyingine kubwa zilifuata njia ileile, kila moja kwa nguvu zake. Watu wa Kamina waliozaliwa katika kambi ya reli wanakumbuka bado: mtoto akipata moto usiku, baba alichukua fishi yake ya kazi, akaenda. Hakuna aliyeuliza feza.

Sikatai kwamba hii ilikuwa kazi kubwa. Lakini tuipe jina lake. Haikuwa bima. Bima ni hivi: watu wengi wanatoa kidogo wakati wa uzima, ili yule mmoja atakayeugua apate kutunzwa kwa feza ya wote, naye anapata kwa haki yake mwenyewe, kwa sababu alitoa. Matunzo ya kambi yalikuwa jambo lingine. Tajiri alitunza mkono uliomfanyia kazi, sawa anavyotia mafuta katika mashini. Siku kontra ilipokwisha, hospitali nayo ilikwisha. Mzee aliyerudi kijijini na kifua kilichoharibika kwa vumbi la shimo alirudi kuwa mkulima.

Na tazama tofauti na nchi yao wenyewe. Katika Ubelgiji wafanyakazi walikuwa na vyama vyao vya kusaidiana tangu zamani, na sheria ya mwaka 1894 ilivipa nguvu. Vyama vingi katika hivyo vilikuwa vya Wakatoliki, vilivyopata moyo kwa barua ya Papa Leo XIII, *Rerum Novarum*, ya mwaka 1891. Kiisha, tarehe 28 Desemba 1944, vita haijaisha bado, serikali ya Ubelgiji iliamuru kwamba kila mfanyakazi wa mshahara sherti awe na bima ya ugonjwa. Fundi wa reli wa Namur akawa na kitabu cha mutuele mfukoni. Akibadili tajiri, kitabu kilibaki chake. Fundi wa reli wa Kamina, chini ya bendera ileile, akawa na tajiri tu.

Si kwamba koloni haikutunga sheria za namna hiyo. Ilitunga. Mwaka 1949 ilitoka dekreti juu ya wale walioumia kazini na juu ya magonjwa yanayoletwa na kazi. Mwaka 1951 zikaja feza za jamaa kwa ajili ya watoto. Mwaka 1956 likaja sanduku la pansio. Hatari tatu zikawekewa akiba: kuumia, kuzaa, kuzeeka. Ugonjwa wa kawaida haukuwekewa, maana walisema: kwa nini? Tajiri anatunza. Uhuru ulipokuja, serikali ya Léopoldville iliunganisha masanduku yale matatu kwa dekreti ya 29 Juni 1961, ikazaa INSS, ambayo siku hizi inaitwa CNSS. (Siku hiyo Katanga ilikuwa imejitenga, na watu wa Kamina walikuwa na mambo mengine ya kufikiri.) Katika INSS vilevile ugonjwa ulibaki nje. Kodi ya kazi ya mwaka 1967, na ile ya mwaka 2002 iliyofuata, zimeandika tena neno la mwaka 1922 kwa maneno mapya: tajiri atamtunza mfanyakazi, mke wake na watoto wake. Hivi tangu 1922 hata leo, katika nchi yetu, mlango wa kwanza wa hospitali ni kontra ya kazi.

Nirudi nyuma kidogo, kwa mkulima. Huyu pia alikuwa na historia yake. Leta ya Wabelgiji ilimtunza kwa sababu ya malale kwanza: vikosi vya waganga na wasaidizi vilipita kijiji kwa kijiji, watu wakapangwa mstari, wakapapaswa shingo, wakapigwa sindano, wapende wasipende. Kisha vita, mwaka 1947, liliundwa sanduku lililoitwa Fonds du Bien-Être Indigène, ambalo lilijenga dispanseri na nyumba za kuzalia vijijini. Na mpango wa miaka kumi ulioanza mwaka 1949 ulitaka kila teritware iwe na hospitali yake yenye mganga wa kupasua. Misioni zilipewa dawa na msaada kwa ajili ya kazi zao. Kwa mkulima yote haya yalikuwa bure, yaani aliyalipa kwa kodi ya kichwa na kwa pamba aliyolazimishwa kulima, lakini hakuyalipa mlangoni. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Mtu anayelipa kodi katika mwezi wa kuuza pamba analipa akiwa na feza. Mtu anayelipa mlangoni pa hospitali analipa siku ile hasa ambayo hana nguvu ya kutafuta feza.

Mwaka 1960 nyumba hii yote ilitikisika kwa majuma machache. Waganga Wabelgiji wengi sana waliondoka. Katika Kongo nzima hapakuwa na Mkongo hata mmoja mwenye diploma kamili ya udaktari. Wa kwanza walitoka Lovanium mwaka 1961. Walikuwapo wasaidizi wa mganga, watu hodari waliosoma miaka mingi lakini wasiopewa jina la mganga, na Shirika la Afya la Ulimwengu lilituma baadhi yao Ufaransa wamalize masomo. Sehemu nyingi za Katanga ya kaskazini zilikuwa na vita na njaa. Masista waliobaki walifanya kazi ya watu kumi. Siku hizo hesabu za malipo hazikuwa na maana. Aliyekuwa na dawa aliitoa.

Baada ya vita, kwa miaka kadiri kumi, mambo yalirudi kama zamani, angalau kwa watu wa kompani. Union Minière ilichukuliwa na Leta tarehe 1 Januari 1967, ikawa Gécamines kiisha. Reli zikaunganishwa kuwa SNCC mwaka 1974. Hospitali za kompani zilibaki bora kuliko za Leta. Mama mmoja wa Kamina akiolewa na mtu wa reli, wazazi wake walifurahi, na katika furaha ile kulikuwamo hospitali.

Kuharibika kulianza kwa wanyonge. Bei ya shaba ilishuka katikati ya miaka ya sabini, deni la nchi likapanda, na Leta ikaacha polepole kulipa hospitali zake. Haikutoa amri kwamba watu walipe. Iliacha tu kutuma dawa, kiisha iliacha kutuma mshahara wa maana. Basi hospitali zilifanya nini? Zilitafuta feza kwa yule aliyekuwapo, yaani mgonjwa. Katika miaka ya themanini nchi iligawanywa katika kanda za afya 306, mpango mzuri uliotoka katika mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978, na makanisa, Wakatoliki na Waprotestanti, yalipewa kusimamia nyingi kati yao. Lakini kila kanda ilipaswa kujilisha. Mwaka 1987 mawaziri wa afya wa Afrika walikubali huko Bamako kwamba watu walipie dawa ili sanduku la dawa lisife. Katika nchi ambapo Leta inatoa sehemu yake, jambo hilo linaweza kwenda. Kwetu sehemu ya Leta ilikuwa karibu na bure, na mgonjwa akabeba mzigo wote.

Hapo ndipo ilipozaliwa habari ambayo ningependa kila mseminari aijue, maana ilitoka misioni. Huko Bwamanda, katika Ubangi, mbali na sisi, Mapadri Wakapusini walikuwa na kazi kubwa ya maendeleo pamoja na hospitali. Mwaka 1986 watu wa hospitali ile waliona jambo: vituo vidogo vinajilipa, lakini wagonjwa wa kulazwa na wa kupasuliwa wanachelewa au hawaji, kwa sababu hesabu ni kubwa mno kwa mkulima. Wakaanzisha bima ya hospitali. Kila jamaa inaandika watu wake wote, si yule mgonjwa peke yake. Kila mtu anatolewa ada ndogo mara moja kwa mwaka. Akilazwa, sanduku linalipa 80 kwa mia, yeye analipa 20 kwa mia. Lakini sherti apite kwanza kwenye kituo chake na kuleta barua.

Namna walivyochagua majira ndiyo akili yenyewe. Ada ilipokelewa kwa majuma machache tu ya mwaka, wakati wakulima walipokuwa wamekwisha kuuza mavuno, feza ingali mkononi. Mwaka wa kwanza, katika mwezi mmoja, zaidi ya robo ya watu wa kanda walijiandikisha. Baada ya miaka michache walipita nusu. Na waliojiandikisha walilazwa hospitali karibu mara mbili kuliko wasiojiandikisha.

Tusimame kidogo juu ya hesabu hii, kwa sababu inasomwa vibaya. Mmoja atasema: tazama, bima inawafanya watu waende ovyo hospitali. Pengine wachache. Lakini waliochunguza habari za Bwamanda waliona kwamba wanawake wenye uzazi mgumu na watu wa kupasuliwa walikuwa miongoni mwa wale waliokuja zaidi. Na mtu haendi kupasuliwa tumbo kwa kupenda. Wale wasio na bima hawakuwa wazima kuliko wenzao. Walibaki nyumbani. Waliona pia jambo la pili, la huzuni: aliyekaa mbali na hospitali, hata akiwa ameandikwa, alikuja kidogo kuliko aliyekaa karibu. Ada ileile, faida ndogo. Bima inaondoa ukuta wa bei, haijengi daraja.

Hazari nyingine zipo, nami naziandika kwa sababu baraza nyingi za parokia zimeanzisha sanduku la wagonjwa na kuliona likifa mwaka wa pili. Wakiandikwa wagonjwa tu, sanduku linakwisha upesi. Kwa hiyo sharti la jamaa nzima. Wakiandikwa mwaka mzima, mtu anangoja homa ndiyo aje kuandikwa. Kwa hiyo sharti la majira. Likelemba yetu inajua kanuni ya zamu, lakini ugonjwa hauna zamu. Tena kuna bei. Watu wa pwani wanasema akiba haiozi. Katika Zaïre ya miaka ya tisini akiba ilioza: mwaka 1994 bei zilipanda kwa mia elfu nyingi, na feza iliyowekwa mwezi wa tatu haikununua kitu mwezi wa tisa. Sanduku lisilogeuza feza yake upesi kuwa dawa au mafuta au dola lilikuwa sanduku la karatasi.

Miaka hiyo ndiyo iliyomwangusha fundi wa reli. Mwezi wa Septemba 1990 shimo la Kamoto liliporomoka huko Kolwezi, na Gécamines, ambayo ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka, ilishuka katika miaka michache hata chini ya 50,000. Reli iliyokula kwa shaba ikafa njaa pamoja nayo. Kiisha yakaja mafukuzo ya Wakasai, waliojaa katika vituo vya reli wakingoja gari la moshi, Kamina ikiwa njia yao. Watu wa SNCC walikaa miezi na miezi bila mshahara. Hospitali za kompani zilibaki na kuta zake na wauguzi wake waaminifu, lakini dawa ikawa ya kununua. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walikubali kuondoka kwa feza zilizotolewa na Benki ya Dunia, mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari. Wengi walihesabu mshahara waliopoteza. Hawakuhesabu hospitali. Mtu wa miaka hamsini na tano, aliyezaliwa katika nyumba ya kuzalia ya kompani, ambaye hakuwahi kulipa mganga katika maisha yake, alijikuta siku moja kwenye dirisha la hesabu. Nilimwona mmoja wa namna hiyo. Hakuwa na hasira. Alishangaa tu, kama mtu aliyeambiwa alipie hewa.

Na karatasi ile ya mlangoni ilizaliwa hapo. Asiyelipa hakuruhusiwa kutoka. Desturi hii ya kumzuia mgonjwa aliyepona, au mama aliyezaa, mpaka jamaa ilete feza, imeenea katika nchi nzima, katika nyumba za Leta na, tuseme kweli, katika baadhi ya nyumba zetu. Wachunguzi waliohesabu mwaka 2016 katika hospitali moja kubwa ya Lubumbashi waliona kwamba kadiri ya nusu ya akina mama waliokwisha kupewa ruhusa na mganga walikuwa wamezuiliwa kwa deni. Mama anakaa siku kumi juu ya kitanda au chini ya veranda, na kila siku inaongeza shida nyumbani. Msimamizi wa hospitali naye ana neno lake: wauguzi wake hawana mshahara mwingine ila feza za wagonjwa, akiwaachilia wote, juma lijalo hana sindano. Nimewasikia watu wakimhukumu kwa ukali. Mimi sikuweza kumhukumu, wala sikuweza kumtazama mama yule usoni.

Tuangalie sasa majirani. Katika Ruanda, mwaka 1999, mutuele zilijaribiwa katika kanda tatu: Byumba, Kabgayi na Kabutare. Waliojiandikisha walikwenda kwenye kituo cha afya mara kadhaa kuliko wenzao. Mwaka 2007 sheria ikalazimisha kila mtu awe na bima, na maskini kabisa wakalipiwa na serikali na wenye kusaidia. Sharti hilo la mwisho ndilo lililobeba kazi yote. Katika Tanzania mfuko wa namna hiyo ulianza Igunga mwaka 1996, kwa hiari, na kwa miaka mingi walioingia walikuwa wachache kuliko walivyotumaini. Huko Kivu majimbo yetu, kwa njia ya ofisi zao za kazi za afya, yamefanya mutuele za parokia. Zimesaidia wengi, lakini hata huko maskini wa mwisho hawana ada. Hiari ina mpaka wake. Nasema hivi kwa masikitiko, kwa sababu ningependa upendo wa jirani utoshe.

Serikali yetu nayo imeanza kutembea. Walimu walipata mutuele yao, MESP, mwaka 2011 huko Kinshasa, kwa feza inayokatwa katika mshahara, kiisha ikafika miji mingine. Sheria ya tarehe 8 Februari 2017 imepanga kanuni za mutuele zote. Kazi ya afya kwa watu wote ilianza kwa uzazi: tarehe 5 Septemba 2023, huko Kinshasa, ilitangazwa kwamba mama atazaa bila kulipa na mtoto mchanga atatunzwa bila kulipa, kiisha mpango ukapelekwa katika majimbo mengine moja moja. Mwenye kusoma historia hii atauliza neno moja tu: hospitali italipwa lini? Maana bure ya mama ni deni la hospitali, mpaka feza ifike. Wakati wa Ebola ya Kivu ya kaskazini, kati ya 2018 na 2020, malipo yalipoondolewa katika kanda za ugonjwa ule, watu wa malaria na wa homa ya mapafu walijaa vituoni. Kumbe walikuwapo siku zote.

Na yule katekista wa mwaka 1955? Hakuwa na kontra, kwa hiyo hakupoteza kontra. Aliyekuja nyuma yake yupo bado, katika kijiji cha njia ya Kabongo au karibu na Base yenyewe, na katika macho ya sheria hajasogea hatua. CNSS haimjui. Yeye si mwalimu wa Leta, basi MESP haimjui. Akilazwa, karatasi yake inakuja kwa padri, na padri anaweka mkono katika sadaka ya Jumapili. Jimbo letu lilianza kama prefektura ya Wafransisko mwaka 1922, mwaka uleule wa dekreti ya kontra. Dekreti imekwisha kuandikwa upya mara mbili. Sisi hatujaandika yetu.

Ningeanza na makatekista. Wana majina yao katika daftari la kila parokia, wana jamaa zinazojulikana, wala hawatajificha mpaka siku ya homa. Ada ya mtu mmoja ingetolewa na yeye, ya wa pili na kijiji anachokifundisha, ya wengine na jimbo. Bwamanda waliandika watu wakati wa kuuza mavuno. Huku kwetu mahindi yanavunwa tangu mwezi wa tatu, na wachuuzi wa Lubumbashi wanakuja na magari yao mwezi wa tano na wa sita. Kisha hapo feza imekwisha kwenda kwa chumvi, nguo na ada za shule. Majuma yale manne ndiyo ya kuandika. Kwa mtu wa reli ni vigumu zaidi, maana hakuna ajuaye mwezi gani mshahara utafika.